Nyasi za Kiashiria cha Nne

Jumatatu, 3 Juni

Leo ni siku njema. Naandika hivyo mapema kabla haijaharibika.

Mkurugenzi ametangaza kikaoni kwamba mtathmini wa wafadhili atafika Jumatano ya wiki ijayo. Akiridhika, mradi wetu wa maji unapata awamu ya pili, na mabomba yatapanda mlimani hadi mtaa wa juu. Awamu ya pili itahitaji kiongozi. Alipotamka neno kiongozi alinitazama mimi. Au aliitazama saa iliyo ukutani nyuma yangu. Nachukulia kwamba alinitazama mimi.

Nani mwingine? Jedwali ni langu. Mimi ndiye niliyelichora, kisanduku kwa kisanduku, kabla hata mtaro wa kwanza haujachimbwa. Limefunika ukuta mzima wa ofisi, hata swichi ya taa imo ndani ya safu ya Matokeo. Kushoto ni tutakachofanya. Katikati ni kitakachotokea. Kinachofuata ni kiashiria, yaani alama ya kuonyesha kuwa kweli kimetokea. Mwisho kabisa ni safu ya Dhana, ambamo unaandika mambo unayomwomba Mungu yasikuangushe.

Fahari yangu ni kiashiria cha nne. Wenzangu walitaka tuhesabu ndoo. Ndoo! Mimi nikaandika: "Njia ya kwenda kijitoni imeota nyasi." Watu wakipata bomba hawaendi tena kijitoni. Wasipoenda, njia inaota nyasi. Wafadhili waliposoma walipiga makofi, na mmoja wao aliniomba ruhusa ya kukitumia kwingine.

Nina mpinzani mmoja tu. Ni afisa jamii, namwita Mama Masikio, maana kazi yake yote ni kusikiliza. Ana shahada kama yangu ila haitumii. Leo tena amedai kikaoni kwamba Jedwali lilichorwa kabla hatujamjua mtu hata mmoja wa hapa, na tangu siku hiyo tunaulizana limesema nini badala ya kuulizana kumetokea nini. Eti tuwaulize watu nini kimebadilika maishani mwao, kisha turudi nyuma tuone kama tulichangia. Nikamwuliza, je, wakitaja kitu ambacho hakimo kwenye Jedwali? Akasema hapo ndipo utamu ulipo. Mtu wa namna hii anaachwaje karibu na mradi?

Nyumbani kuna sababu nyingine ya kutaka awamu ya pili. Mama mkwe anaishi mtaa wa juu. Wiki iliyopita alituambia kwamba mlima umemshinda, magoti yamechoka, na mambo yakiendelea hivi atashuka aje kukaa kwetu. Nilimwahidi bomba papo hapo. Alinitazama kidogo, akasema sawa baba. Nampenda sana mama mkwe, lakini nampenda zaidi akiwa juu. Chumba cha wageni ndimo ninamotunza majedwali ya miradi iliyopita.

Jumanne, 4 Juni

Nimekwenda kuikagua njia ya kijitoni. Nimerudi mgonjwa.

Haina hata unyasi mmoja! Imekanyagwa ikawa ngumu, inang'aa. Nilidhani mabomba yamekufa, nikapita mtaani nikiyafungua moja moja. Yote yanatoa maji, tena kwa kasi, moja likanilowesha suruali. Maji yapo nyumbani, na watu bado wanateremka kijitoni. Huu ni ukaidi. Huu ni uhujumu.

Nilimwuliza Mama Masikio kama anajua kinachoendelea kule chini. Akasema anajua. Akasema nikitaka kujua na mimi, nikae pale asubuhi moja niwaulize wanaopita. Nilimweleza kwa upole kwamba sina muda wa kuuliza, nina kiashiria cha kutimiza.

Mke wangu alitaka kunieleza jambo fulani kuhusu asubuhi zake. Nikamwambia tuzungumze baada ya tathmini. Amenunua raba mpya. Sijui za nini, na bei yake sikuthubutu kuiuliza.

Alhamisi, 6 Juni

Wazo limenijia nikipiga mswaki. Jedwali linasema njia iwe imeota nyasi. Halisemi nani azioteshe.

Nimeomba ukoka kwa mtunza bustani wa shule, mafungu makubwa yenye mizizi. Nimeupanda mwenyewe mwanzo wa njia, pale inapoachana na barabara. Sihitaji zaidi ya hapo. Watathmini nawajua. Wanasimama barabarani, wanatazama, wanapiga picha, wanauliza choo kiko wapi. Hakuna anayeteremka hadi kijitoni.

Nimemwagilia maji ya bomba la mradi. Bomba moja, faida mbili. Mgongo unaniuma kama nimepigwa, lakini ninalala na furaha.

Ijumaa, 7 Juni

Mbuzi.

Sikuwa nimeandika mbuzi kwenye safu ya Dhana. Nilipofika asubuhi walikuwa wanamalizia mizizi, wametulia, hawana wasiwasi na mtu. Nilipiga kelele, nikawarushia kiatu, na mmoja akakinusa kwanza kabla ya kukiacha. Mwenye mbuzi akatokea. Badala ya kuomba radhi akanishika mkono kwa mikono yote miwili akaushukuru mradi. Alisema tangu ukame wa mwaka jana mifugo yake haijapata majani laini namna hii, na sasa ameona kweli tunamjali mwananchi wa kawaida.

Mchana Mama Masikio aliisimulia habari hiyo ofisini kama mfano wa matokeo ambayo hayakutarajiwa. Kila mtu alicheka. Mkurugenzi naye alicheka, akauliza ni nani aliyepanda ukoka. Nikasema huenda ni upepo.

Jumamosi, 8 Juni

Nimebadili mkakati. Nimeziba njia kwa matawi ya miiba, na mbele yake nimesimamisha bango: "NJIA IMEFUNGWA KWA AJILI YA MAFANIKIO YA MRADI." Maneno mazito, yanamtosha mtu yeyote mwenye heshima zake.

Nilijificha nyuma ya kibanda cha fundi baiskeli nione. Wakaja wanawake kama kumi, wanaongea wote kwa pamoja, hakuna aliyebeba ndoo. Wakalisoma bango. Wakacheka hadi mmoja akakaa chini. Kisha wakapita pembeni ya miiba, mmoja nyuma ya mwingine, na wengine wakawafuata. Ilipofika saa nne kulikuwa na njia mpya kabisa, pana kuliko ya zamani.

Sasa nina njia mbili. Jedwali linasema "njia", na neno hilo linaweza kusomeka moja au nyingi. Nimefikiria kulitetea hilo mbele ya mtathmini. Nimeona halitetewi.

Fundi baiskeli aliniuliza kwa nini ninawachungulia wanawake wa watu. Nilimweleza kuhusu viashiria. Amesema atamwambia mke wangu.

Jumapili, 9 Juni

Nyasi za kupanda hazisubiri mtathmini. Nahitaji nyasi ambazo zimekwisha kukua.

Na nyasi zilizokwisha kukua ziko wapi? Mbele ya ofisi! Mkurugenzi ana kiwanja chake cha ukoka, mraba mzuri wa kijani, anakipunguza kwa mkasi akiwa na mawazo. Hakuna anayeruhusiwa kukikanyaga. Kuna kibao kidogo alichokiandika kwa mkono wake kwa rangi nyeupe. Hata wafadhili hukizunguka.

Ofisi hufungwa Jumapili. Nilimwambia mlinzi kwamba nachukua sampuli kwa ajili ya vipimo vya udongo. Akaniuliza kama vipimo vinahitaji mkokoteni. Nikasema hivi ni vipimo vya kina. Nilichimba mabonge mapana yaliyoshikana vizuri na mizizi yake, nikayakunja kama jamvi. Nikakichukua na kibao. Kama kinamzuia mfadhili, kitashindwa vipi kuwazuia wanawake?

Nyasi ziko chumba cha wageni, chini ya magunia yenye maji. Mke wangu alifungua mlango, akaona, akafunga. Aliuliza swali moja tu, kama niko sawa. Nikamwambia yote haya ni kwa ajili ya mama yake. Akasema mama yake hajawahi kuomba nyasi.

Jumatatu, 10 Juni

Kikao cha dharura. Mkurugenzi alisimama dirishani akitazama udongo mtupu, mkasi mkononi. Kwa kweli nilimhurumia. Halafu akauliza nani amefanya hivi.

Nilikuwa wa kwanza kujibu. Nilisema ni fuko. Nilieleza tabia za fuko kwa kirefu, jinsi anavyochimba kutoka chini na kuvuta mizizi. Mama Masikio aliuliza ni fuko wa aina gani anayeondoka na kibao. Nikasema sayansi bado inachunguza. Mkurugenzi ameagiza mitego, na kazi ya kuitega amenipa mimi kwa kuwa ninawafahamu.

Nimetega mitego mchana wote kuwakamata fuko ambao hawapo. Kidole gumba changu kimeingia kwenye mmoja.

Jumatano, 12 Juni

Naandika kwa mkono wa kushoto, na bila hamu.

Kulipopambazuka niliondoa miiba na bango, nikatandika mabonge mwanzo wa njia zote mbili. Yakaenea vizuri. Nikayanyunyizia maji yakawa mabichi. Nikasimamisha kibao katikati. Nilisogea barabarani nikatazama, na Mungu ananiona, machozi yalinilengalenga. Kiashiria cha nne kilikuwa mbele yangu, kijani.

Saa tatu wakafika. Mtathmini ni mama wa makamo mwenye kofia pana na viatu vizito vya kutembelea. Vile viatu vingeniambia kitu kama ningekuwa mtu wa kuambiwa. Mkurugenzi alikuwa kulia kwake, Mama Masikio kushoto, na mimi nikatangulia. Nikanyoosha mkono nikasema, tazama, njia imeota nyasi.

Mtathmini akatazama, akainama, akasoma kwa sauti: "Usikanyage nyasi."

Nikamwona Mkurugenzi akikitazama kibao. Akayatazama mabonge. Akachuchumaa, akayapapasa majani kwa kiganja, pole pole, na ukingo uliokatwa kwa mkasi ukamjibu. Aliponyanyua uso sikuweza kuutazama.

Ndipo filimbi ikalia kule chini kijitoni. Nyuma yetu wakaja wanawake wanakimbia, wamechelewa, fulana za njano, raba miguuni. Wakapita juu ya ukoka wa Mkurugenzi bila kupunguza mwendo. Mabonge yakateleza chini yao kama mkeka kwenye sakafu ya saruji, na mimi, niliyeruka kuyashika, nikateleza nayo. Nikaanguka kwa mkono wa kulia. Mwanamke mmoja alisimama kuniinua. Alikuwa mke wangu.

Mgongoni fulana yake iliandikwa NDOO TUPU.

Mtathmini akamwuliza kama anakwenda kuteka maji. Nayaandika majibu yake kama alivyoyasema, kwa kuwa kila mtu pale aliyasikia.

"Maji yako nyumbani, mama. Zamani asubuhi yangu yote iliishia kwenye foleni ya kijitoni. Sasa asubuhi nimerudishiwa, na mimi nimeamua kucheza mpira wa pete."

Mtathmini akauliza kama mradi unajua.

"Afisa wenu nalala naye kitanda kimoja," mke wangu akasema. "Hajawahi kuniuliza."

Nilisikia aibu. Siyo ya nyasi, ile ya nyasi ilikuwa imekwisha kunipata. Hii ilikuwa nyingine, na ilikaa.

Tukateremka wote. Kuna uwanja mwembamba ukingoni mwa kijito, wenyewe wameusawazisha, pete wamepinda kutoka kwenye mabomba yetu yaliyobaki. Ndoo Tupu walicheza na timu ya walimu. Nahodha ni yule msusi wa karibu na kituo cha mabasi, anapiga kelele kuliko mwamuzi. Mke wangu ni mfungaji! Sikujua anaweza kuruka vile. Watu walijaa pande zote, mwenye mbuzi alikuja na mbuzi wake, wamenenepa.

Kwenye mapumziko mtathmini aliniomba nimwonyeshe mchezo huu uko wapi kwenye Jedwali. Kwenye nakala yake nilimwonyesha safu ya Dhana: "Wanawake watautumia muda uliookolewa kuhudhuria semina za mradi." Akaisoma mara mbili. Akaniuliza semina hizo zina wahudhuriaji wangapi. Nikasema chai huisha.

Ndoo Tupu wameshinda.

Ijumaa, 14 Juni

Matokeo yametoka. Awamu ya pili imepita. Wafadhili wanasema mafanikio ni makubwa kuliko yaliyoandikwa, na kwamba afisa mmoja alikaribia kuyazuia.

Kuna sharti. Jedwali kubwa lisitangulie tena. Tuanze mtaa wa juu kwa kuwauliza wenyewe wanataka nini. Tupange machache, tuyajaribu, baada ya miezi michache tukae nao tuangalie, lisilofaa tuliache, na tusiyoyajua tuandike kwamba hatuyajui. Nimeuliza kama ile orodha ya tusiyoyajua itakuwa na visanduku.

Kiongozi ni Mama Masikio. Mimi ni msaidizi wake. Pia ni mtunza nyasi, kila asubuhi kabla ya kazi, hadi kiwanja cha Mkurugenzi kirudi kama kilivyokuwa. Amenikabidhi mkasi mwenyewe. Alisema anatutakia kila la heri, mimi na fuko.

Leo hii Mama Masikio ameanza kusikiliza mtaa wa juu. Mzee mmoja alimweleza habari za jino lake tangu saa sita hadi jua linaelekea kuzama. Jino lenyewe halihusiani na chochote. Nilifurahi kupita kiasi. Alirudi hoi, akakiri kwamba njia hii nayo ina mateso yake, kesho atajaribu kwingine. Nilimpa kiti. Sikumpa pole.

Jumapili, 16 Juni

Mama mkwe amehamia kwetu.

Amesema kuuliza kunachukua muda, na magoti yake hayana muda. Ameleta masanduku mawili, redio na kiti chake. Majedwali yangu yako chini ya kitanda chetu. Alikuta udongo chumbani, akafagia bila kuuliza.

Mke wangu amependekeza jambo la busara. Amesema kabla sijapanda mtaa wa juu kuwauliza watu, nianze na mtu wa huko aliye hapa ndani. Nimuulize mama anataka nini, na nimsikilize hadi mwisho. Nikasema sawa. Mimi siyo mtu wa kinyongo, najifunza.

Nikaketi naye barazani baada ya chai. Nikamwuliza. Akafurahi sana, akasema hakuna aliyewahi kumwuliza. Akaanza na marehemu mumewe, akapita kwa majirani, akaingia kwenye magoti. Alisema maji kule juu wanayo, kila nyumba ina tangi lake la mvua na halijawahi kukauka, ni huku chini tu tulikuwa na taabu. Taabu yao ni ule mteremko wa utelezi, wazee wanaanguka, wanachotaka ni ngazi zenye kitu cha kushikia. Alilirudia hilo la ngazi mara kadhaa. Akasema siku nilipomwahidi bomba aliona nimefurahi mno, hakutaka kunivunja moyo.

Nilikuwa naitikia. Lakini mkono ulikuwa na kazi nyingine, maana nyuma ya karatasi ya mahojiano nilikuwa nimepata nafasi, na wazo zuri halingoji. Limetoka safi. Lengo: mama mkwe arudi kwake kwa hiari. Shughuli: bomba lipande mlimani haraka iwezekanavyo. Kiashiria: kizingiti cha chumba cha wageni kimeshika vumbi. Mtu akiondoka, hapakanyagwi, hapafagiliwi, vumbi linakaa. Rahisi! Hakuna mbuzi anayekula vumbi.

Nimepita kukagua jioni hii. Kizingiti kinang'aa. Anafagia asubuhi, anafagia jioni, na leo amepiga deki.

Kesho vumbi nitalileta mwenyewe. Pale mbele ya ofisi, kwenye kiwanja cha Mkurugenzi, liko la kutosha, na mimi ndiye ninayefika wa kwanza.